Mulipoteza nini mule? Juu ya kutembea bure katika pori la Kahuzi

Mwezi wa Agosti 2023, sisi wa chama tulipeleka vijana 25 wa Bukavu kutembea katika Parke ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Hatukwenda kuona gorila, sababu ile bei ni ya watu wengine. Tulilipa tu njia ya mguu, ile inayopanda mlima Bugulumiza. Tulibeba mikate, sardini na maji, na kila kijana aliambiwa avae mabote kama anayo. Gari lilipita Mudaka, likaacha barabara ya Goma pale Miti, na mbele kidogo ya mpaka wa parke motere ikachemka. Tukashuka kungojea ipoe.

Mzee mmoja alitoka katika nyumba za kando ya barabara, akatusalimia, akatazama vijana wetu na mifuko yao ya mgongoni.

– Muko naenda wapi?

– Tuko naenda mu parke, muzee.

– Kufanya nini?

– Kutembea tu.

– Kutembea tu, akarudilia yale maneno polepole. Kiisha akauliza: Mulipoteza nini mule?

Vijana walicheka. Sisi wakubwa tulicheka pia, lakini kidogo, sababu mzee hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Tulikuja kujua nyuma kwamba yeye ni Mutwa, na kwamba alizaliwa ndani ya lile pori, mbele ya mwaka 1970, pahali ambapo leo hawezi kuingia bila ruhusa. Swali lake lilipanda na sisi mlima wote, na tuliporudi Bukavu lilileta mabishano mengi katika mikutano yetu. Katika kurasa hizi tunajaribu kulijibu, au walau kuonyesha kwa nini si rahisi kulijibu.

Tuanze na desturi. Kwa wazee wetu, wawe Bashi, Batembo, Barega au Bahavu, hakuna mtu aliyeingia porini bila sababu. Mmoja anaingia kutafuta miti ya nyumba, mwingine kamba, mwingine dawa. Mwindaji anafuata mnyama. Mwenye mizinga anafuata asali. Wale waliokaa mbali na pori, kama Bashi wa vilima vilivyolimwa zamani, walipata vitu vyake kwa mikono ya Batwa: asali, ngozi, nyama, kwa kubadilisha na mtama, chumvi na vyuma. Hata mganga hakuingia hivi hivi. Wazee wengi wanasimulia kwamba kabla ya kubandua ganda la mti alisema kwanza neno na mti wenyewe, akaeleza mgonjwa ni nani, kiisha akabandua upande mmoja tu, ili mti usife. Pori lilikuwa kama duka, kama hospitali na kama kanisa, vyote pamoja. Lakini kiwanja cha kuchezea, hapana.

Mtu aliyeonekana porini bila shoka, bila mkuki, bila kikapu, alitia watu wasiwasi. Walijiuliza: ni mwizi? ni mchawi? ni mgonjwa wa kichwa? Ao anakimbia mtu? Na hili la kukimbia tusilipite haraka, sababu kwa kizazi chetu ndilo la kwanza. Mwisho wa mwaka 1996, vita ilipofika kwetu na kambi za wakimbizi Banyarwanda za kando ya Kavumu zikashambuliwa, maelfu ya watu walikatiza pori hili la Kahuzi kwa miguu kuelekea mangaribi, na wengi walibaki humo. Wenyeji nao, mara ngapi tangu ile siku, wamelala porini na watoto wao juu ya kuogopa bunduki? Wako mama katika chama chetu ambao ukiwaambia “twende tukatembee porini kwa kujifurahisha” wanakuangalia sawa mtu aliyesema “twende tukapumzike mahabusu”. Mmoja wao alikatalia mtoto wake safari yetu. Hatukuona la kumwambia.

Basi hii habari ya kutembea porini bila kutafuta kitu ilitoka wapi? Haiko ya zamani sana, hata huko Ulaya. Waliosoma wanajua pori la Fontainebleau, karibu na Paris. Katika miaka ya 1840 askari mmoja wa zamani wa Napoleon, Claude-François Denecourt, alianza kufungua njia ndani ya lile pori na kutia alama za rangi ya bluu juu ya miti na mawe, ili watu wa mji watembee bila kupotea. Njia zile hazikupeleka mtu sokoni wala shambani. Zilizunguka, zikamrudisha mtembezi alikoanzia. Mkulima wa pale, tunawazia, naye aliuliza: mulipoteza nini mule? Lakini watu wa Paris walikuwa wamekwisha kupoteza kitu kweli. Walikuwa wamepoteza ukimya, hewa safi, giza la usiku, na miguu yao wenyewe. Walikuja kuvitafuta pale.

Tunasema hivi sababu wako ndugu wenye kuona kwamba kutembea bure ni mambo ya bazungu, na kwamba chama cha mila hakina haja nayo. Sisi hatukubali. Siku ile mlimani tuliona vijana wa Kadutu, waliozaliwa katika nyumba zilizobanana hata mlango wa moja unagonga ukuta wa nyingine, wakisimama katikati ya mianzi na kunyamaza. Hakuna aliyewaamuru. Kwa Kadutu kuna mzigi wa kanisa moja, mzigi wa kanisa la pili, jenereta, na mama anayemwita mtoto. Huku juu kulikuwa na baridi, ukungu ulipita kati ya mianzi, na tulisikia maji bila kuyaona. Binti mmoja wa miaka kumi na saba alituambia kwamba ni mara ya kwanza katika maisha yake kusikia mwendo wake mwenyewe. Mtu akisema kwamba kitu hiki hakina faida, tunamuuliza faida anaipima kwa kilo gani.

Tena, tusijidanganye juu ya wazee. Hata wao walipenda pori kwa kulipenda tu. Mwindaji aliyerudi mikono mitupu aliweza kusimulia usiku mzima yale aliyoyaona, na watu hawakumwambia amepoteza siku. Sababu ya kuingia ilikuwa mlango. Mtu akiisha kuingia, furaha haikukatazwa. Tofauti yetu na wao ni kwamba sisi tumeweka furaha penye mlango.

Sasa tuje kwenye neno lililotusumbua zaidi. Tulipofika juu, kijana mmoja mwanafunzi aliangalia vilima vyote vya kijani vilivyoenda mpaka macho yanachoka, na akasema kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa kamba: “Jameni, huku hakuna mwenye parseli!”

Anayejua Bukavu ataelewa. Kwetu hakuna kipande cha ardhi ambacho hakina watu wawili au watatu wanaosema ni chao, kila mmoja na karatasi yake na mihuri. Watu wanajenga juu ya mabonde, mvua inachukua nyumba, na kesho yake wengine wanagombania ile fasi ya nyumba iliyokufa. Kijana kuona mlima bila ukuta, bila mayani ya mpaka, bila kesi, alipumua. Neno lake lilikuwa zuri. Lakini lilikuwa la uongo, na sisi wote tulijua, sababu saa tatu mbele tulikuwa tumesalimiana na mwenye parseli, kando ya barabara.

Tukumbushe historia kwa ufupi. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilifanya eneo la mlima Kahuzi kuwa hifadhi ya wanyama na miti. Batwa walibaki ndani. Mwaka 1970, tarehe 30 Novemba, ikawa parke ya taifa ya hektari 60,000. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyekuwa nyuma ya kazi ile, alizoeza gorila kuona watu, na ni Batwa waliomwonyesha nyayo, sababu nani mwingine alizijua? Katika miaka iliyofuata Batwa waliondolewa, jamaa kwa jamaa, bila ardhi nyingine na bila malipo. Mwaka 1975 parke iliongezwa mpaka hektari 600,000, ikashuka kule chini kwa Barega na Batembo, na vijiji vya wakulima vikajikuta ndani ya ramani. Kati ya ile miaka miwili, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilikuwa imesema kwamba udongo wote wa nchi ni wa Leta. Mwaka 1980 UNESCO iliandika Kahuzi-Biega kati ya urithi wa dunia nzima. Tangu 1997 imeandikwa pia kati ya urithi ulio hatarini.

Tazameni vile maneno yanavyopanda: kwanza pori la jamaa fulani, kiisha la Leta, kiisha la dunia nzima. Kila mara mwenyewe anakuwa mkubwa zaidi na anakaa mbali zaidi. Mwishoni pori ni la watu wote, na yule mzee peke yake ndiye hana ruhusa.

Katika Kiswahili chetu, kutembea ni maneno mawili ndani ya moja. Mtu anatembea kwa miguu, na mtu anatembelea mwenzake. Ukimwambia mama wa Bukavu “ninaenda kutembea”, atauliza mara moja: kwa nani? Hatauliza wapi. Sababu kwetu matembezi yana mtu mwisho wa njia. Yana mwenyeji. Unabisha hodi, unapewa kiti, hufiki mikono mitupu ukiweza, unakula kile kilichopo hata kama ulikuwa umeshiba, na ukiondoka anakusindikiza mpaka njiapanda. Asiyesindikizwa anajua kwamba kuna neno kati yake na ile nyumba.

Tukiweka parke ndani ya desturi hii, kitu kinakosekana. Sisi tulikuwa wageni, hilo ni wazi. Walinzi wenye bunduki walituongoza vizuri, na tunawashukuru, sababu kazi yao ni ngumu na wenzao wengi wamekufa wakiifanya. Mbele yetu alitembea kijana mwenye panga, mfuata-nyayo, wale wanaoitwa mapisteri, akikata majani. Huyo naye alikuwa Mutwa. Alijua kila mti. Lakini alikuwa mtumishi wa safari, hakuwa mwenye nyumba. Yeye mwenyewe, mshahara ukisimama, hana sababu ya kuwa pale. Basi tulimtembelea nani?

Waswahili wa pwani wana methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuja kwa mgeni kulete neema kwa mwenye nyumba. Hapa mgeni alikuja, tangu miaka hamsini na zaidi, kutoka Ulaya, Amerika na Bukavu, na mwenyeji akatolewa nje ili mgeni apate fasi ya kupita.

Wako watakaosema: lakini mulilipa tiketi! Ndiyo, tulilipa, na tulilipa bei ndogo ya wananchi. Hapa tunapenda kukumbusha desturi ya Bushi ambayo wasomaji wengi wanaijua kwa wazazi wao: kalinzi. Mtu aliyetaka ardhi alitoa ng'ombe, ao mbuzi na pombe, kwa mwami ao kwa mkubwa aliyesimamia kilima. Ile zawadi haikuwa bei ya kununua. Ilifunga watu wawili. Aliyetoa alipata kukaa, kulima, kuzika wafu wake na kuachia watoto. Aliyepokea alibaki na deni la kumlinda, na mwenye kupokea ardhi alibaki na deni la heshima na la msaada. Kando yake ilikuwako bwasa, ambayo ni kukodi shamba kwa majira moja ao mawili. Mwenye bwasa analima maharagi na mihogo, lakini hapandi mgomba wala mti, sababu mti unakaa kuliko neno lake. Bwasa ikiisha, kila mtu anaenda zake.

Tiketi ya parke ni bwasa ya siku moja. Tunalipa, tunaonja, tunaondoka, na hatubaki na deni kwa mtu yeyote. Ndiyo sababu inapendwa! Inatupa pori bila jirani, bila kesi na bila wajibu. Yule kijana wa parseli aliona vizuri: kilichomfurahisha kilikuwa kukosa mwenyewe. Swali letu la kweli ni hili: je, ni haki kufurahia pahali kwa sababu hakuna mwenyewe, wakati unajua kwamba mwenyewe aliondolewa ili wewe ufurahie?

Mabishano katika chama yalikuwa makali. Mmoja wetu, mwalimu wa elimu ya viumbe, alisimama akasema kwamba tunasahau gorila. Wakati mmoja tulikuwa na noti ya zaire 50,000, ya mwaka 1991, yenye picha ya gorila, tulijivunia. Mwaka 1993 wawindaji wa siri waliua Maheshe, dume aliyejulikana na wageni wa dunia nzima. Kiisha vita, kiisha coltan karibu ya mwaka 2000, maelfu ya wachimbaji ndani ya parke wakila nyama ya pori, na tembo wa sehemu ya juu wakamalizwa. Wataalamu waliokadiria gorila hawa wa mashariki ya Congo kuwa 17,000 katika miaka ya 1990, mwaka 2016 walitoa hesabu ya 3,800. Hesabu mpya ya 2021 iliongeza kidogo, 6,800, juu ya kuhesabu vizuri zaidi. Wenyewe hawakuzaliana namna hiyo. “Bila parke,” alisema, “mungetembea leo katika shamba la mihogo. Hata huyo mzee angekosa pori la kulilia.” Alikuwa na haki. Mtu akitazama vilima vya Kabare na Walungu, ambapo miti yote ni mikaratusi iliyopandwa, anaona kwamba mpaka wa parke unaonekana kwa macho kama mpaka wa nguo na mwili.

Mwingine akaongeza: na wale Batwa waliorudi ndani kwa nguvu mwezi wa Oktoba 2018, si walikata miti? Si sehemu za juu za Kalehe zilijaa mashimo ya makala? Ni kweli. Miti ilikatwa, watu waliuawa katika mapambano, Batwa na walinzi pia, na makala yalishuka kwa magunia.

Yalishuka kwenda wapi? Hapo mama mmoja, yule aliyekatalia mtoto wake safari, aliomba neno. Hakuongea sana. Aliuliza tu ni nani katika chumba kile anayepika kwa moto wa umeme kila siku. Watu walitazama chini. Umeme wetu tunaujua. Siku ile ya Agosti, sisi wenyewe, tuliporudi kutoka mlimani na mapafu yaliyooshwa, tulikaa tukala bugali na samaki vilivyopikwa kwa makala, na hakuna aliyeuliza gunia lilitoka upande gani. Mutwa mwenye kukata mti anapata kidogo, mwenye kununua kwa jumla anapata zaidi, na sisi tunapata chakula cha moto. Kiisha tunapanda gari kwenda kuona ile miti inayobaki na kusema: angalia vile watu wanavyoharibu.

Tangu siku ile hatuwezi tena kugawa watu katika wenye kulinda na wenye kuharibu, sababu mtembezi na mwenye jiko ni mtu mmoja. Pori tunaliingia mara mbili: mara moja kwa mlango wa tiketi, tukilisifu, na mara nyingine kila siku kwa mlango wa jiko, kimya. Mzee aliuliza tulipoteza nini. Pengine ilifaa kuuliza tulichukua nini. Na hata hapa hatutaki kurusha lawama yote juu ya jamaa masikini wa mji wenye sufuria moja. Mashamba makubwa ya chai na ya kwinini ya wakati wa ukoloni yalichukua vilima vizuri vya Bushi na kusukuma watu mpaka miguuni mwa pori. Deni hili lina tabaka nyingi, kama udongo wa kwetu.

Kwa upande wa sheria, mambo yamesogea. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Bambuti na Batwa, watu wa asili wa pori. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake juu ya Batwa wa Kahuzi-Biega: kwamba haki zao zilivunjwa, kwamba warudishiwe ardhi yao, walipwe, na waombwe msamaha mbele ya watu. Ni maneno makubwa. Lakini karatasi kutoka mbali na siku ya kurudi nyumbani ni vitu viwili, na mwenye kuishi Kivu hahitaji kufundishwa hilo.

Sisi hatuna uwezo wa kurudisha ardhi ya mtu. Tunao uwezo mdogo sana: kuchagua namna ya kutembea. Wako wanachama waliosema tusiende tena, mpaka haki itendeke. Ni wazo safi, na tuliliheshimu, lakini wengi hawakulikubali. Vijana wasioona pori watalijua kwa gunia tu. Na mzee hakutuambia tusiende. Alituuliza kwa nini tunaenda. Mwenyeji anayeuliza mgeni “habari gani imekuleta?” hajamfukuza, anafungua mazungumzo. Sisi ndio tuliyafunga kwa kucheka.

Basi Juni 2024 tulirudi, na tulifanya mbele kile ambacho mara ya kwanza hatukufanya. Siku moja kabla, watu wanne wa chama walikwenda kwa yule mzee na jamaa yake. Walipeleka chumvi, mchele, sabuni na kitambaa, na kasiksi, sababu hakuna mtu anayebisha hodi kwa mzee kwa chumvi peke yake. Walisema: tunataka kuingia katika pori mulimozaliwa, tunakuja kuwaambia. Wengine watacheka kusoma hivi. Parke inatoa ruhusa, na tulilipa tiketi zetu kama kawaida. Lakini ruhusa ya ofisi na ruhusa ya mwenyeji hazitoki mdomo mmoja, na ya pili haikuwahi kuombwa.

Tukubali kwamba haikwenda vizuri pande zote. Jirani mmoja alisema tumenunua mzee kwa kasiksi. Mwingine aliuliza kwa nini nyumba hii na si ile, akawa na haki, sababu hatukujua nani ni mkubwa wa jamaa gani. Kijana mmoja Mutwa alituambia wazi kwamba yeye anataka kazi na shule, hana haja ya heshima za kuombwa hodi. Tuliandika neno lake katika kitabu cha mkutano na bado hatujapata jibu lake. Zawadi yetu haikuwa kalinzi. Ilikuwa ndogo mno, na kalinzi inadai watu warudi kila mwaka, washindwe pamoja, wazikane. Sisi tumeweza mara moja tu.

Lakini mzee alikuja. Alitembea na vijana toka kijijini mpaka karibu na mpaka, mwendo wa nusu saa, na njia nzima aliwataja miti kwa majina, ni upi wa kikohozi, upi wa mwana aliyechelewa kutembea, upi nyuki wanaupenda. Vijana waliandika, kila mmoja kwa namna yake, na majina yale tukiyalinganisha leo hayafanani kabisa. Mti mmoja una majina matano katika madaftari matano. Alipofika mwisho wa mashamba akasimama. Tulidhani amechoka, tukamwambia apumzike tungojane. Akasema hapana, yeye anasindikiza wageni, na mwisho wa kusindikiza ni hapa.

Tulipanga kurudi kwake mwaka uliofuata na madaftari, ili asahihishe majina. Februari 2025 vita ilifika Kavumu na Bukavu, na safari ile haikufanyika. Madaftari yako kwa katibu wa chama, katika sanduku la chuma. Mwenye kujua majina ya miti ya Kahuzi katika lugha ya Batwa, hata matatu au manne, tunamwomba apite pale siku ya mkutano.